Sketi ya Theluji

Mwezi wa saba mwaka jana nilikuwa msimamizi msaidizi katika shamba la mbegu za mahindi, nje kidogo ya Kitale. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo, kazi ya miezi minne tu, na niliipenda hata kabla sijaianza. Nilikabidhiwa mistari arobaini, daftari la mahudhurio na wanawake kumi na wawili kutoka mtaa wa Kipsongo. Wote walikuwa wakubwa kwangu, na wote waliniita Madam.

Kazi yetu ilikuwa kung'oa mbelewele. Shamba la mbegu hupandwa mistari minne ya mahindi ya kike, kisha miwili ya kiume, tena minne, tena miwili, hivyo hivyo mpaka uzio wa mwisho. Yale ya kike lazima yaondolewe mbelewele, lile shada la maua linalochomoza kileleni, kabla halijaanza kumwaga chavua. Ukichelewa, mahindi yanajizalisha yenyewe na mbegu haifai tena. Chavua huanza kuruka saa tatu au saa nne, jua linapokausha majani. Kwa hiyo hakuna kungoja jua. Tuliingia mistarini saa kumi na mbili asubuhi, umande ukiwa umejaa kila jani, na tulikuwa humo ndani mpaka saa saba.

Mimi ni mtu wa Bungoma. Kwetu kuna joto, lakini nilidhani baridi naijua. Siku ya kwanza nilivaa jinzi na sweta, nikaingia kwenye mahindi yaliyonizidi kimo, na kabla sijafika shina la hamsini nilikuwa nimelowa kama mtu aliyevuka mto. Meno yaligongana. Upepo wa Mlima Elgon ulishuka ukanipata nimesimama katikati ya mstari, sina pa kukimbilia, na wanawake walionitangulia walikuwa wanaimba.

Aliyeanzisha nyimbo alikuwa Wilkista. Alikuwa amepita miaka sitini, na wenzake walimwita Kukhu, yaani nyanya kwa Kibukusu. Hakuna jicho lililomshinda shambani. Wengine tuliona mbelewele ikishachomoza. Yeye aliiona ikiwa bado imejifunga ndani ya majani. Alikuwa akipita mahali nilipopita mimi na shahada yangu, ananyoosha mkono, anavuta, halafu ananionyesha. "Hii ilikuwa inajificha, Madam. Zingine ni kama watoto wa shule."

Lakini juma la pili vidole vyake vilianza kumgomea. Ikifika saa mbili alikuwa hawezi kukunja mkono. Alitoka mstarini, akaenda kuchutama kwenye moto wa mlinzi wa geti, na ilipita nusu saa kabla vidole havijafunguka. Akirudi, wenzake wamekwisha kuwa mbali, na mstari wake umebaki nyuma ukiwa na mbelewele zinazosubiri jua.

Alhamisi moja meneja, Bwana Ngari, aliniita kando ya trekta. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuhesabu masaa.

"Madam Nabwile, huyu mama wako wa moto."

"Wilkista."

"Huyo. Mstari ulioachwa nusu ni mstari umeharibika. Mkaguzi akipata mbelewele sita zimefunguka hapo, block yote inakataliwa. Jumatatu nitasimama hapa mwenyewe saa kumi na mbili. Akitoka kabla ya saa nne, naweka mtu mwingine. Si ubaya, unaelewa?"

Nilielewa. Nilielewa pia jambo ambalo yeye hakulitaja. Waliomaliza msimu bila kukatizwa ndio waliochukuliwa mwezi wa kumi kufanya kazi stoo, kuchambua mbegu: kazi ya kukaa, mahali pakavu, chini ya paa, mpaka Januari. Aliyeondolewa katikati aliondolewa kote. Wilkista alikuwa ameizungumzia hiyo stoo tangu siku niliyomjua, kama watu wengine wanavyozungumzia nyumba wanayojenga.

Nilipompa habari hakulalamika. Alijifunga kitambaa upya kichwani.

"Miaka thelathini natembea ndani ya mahindi ya watu," alisema. "Nimetaka tu mwaka mmoja nikae, mahindi yaje yenyewe mbele yangu."

Jioni hiyo hiyo nilikwenda soko la mitumba la Kitale. Mwezi wa saba kila mtu wa Kitale anatafuta kitu kizito: walinzi, watu wa bodaboda, wauza maziwa wa alfajiri. Wauzaji wanalijua hilo na bei zao zinajua. Nilizunguka mpaka vibanda vikaanza kufungwa, nikapata koti moja la kijivu, nene, la kufika magotini, na nikalipa zaidi ya nilivyokuwa nimepanga. Nililibeba kifuani nikiwa na furaha kama ya mtu aliyepata dawa.

Ijumaa Wilkista alilivaa. Alinishukuru mbele ya wote, akageuka ili tumwone mgongo, akaingia mstarini. Saa moja na nusu alitoka akilikokota. Koti lilikuwa limefyonza umande mpaka kwenye kola. Tulilitundika kwenye waya wa uzio, likachuruzika mpaka adhuhuri.

"Hii koti iko na kiu kuliko ng'ombe," alisema Nasambu, mmoja wa wale wanawake, ambaye hakuwahi kuacha jambo lipite bila kulisemea.

Wote walicheka, hata Wilkista. Mimi nilijaribu. Aliona uso wangu, akanivuta mkono.

"Madam, usisikie vibaya. Koti ni zuri, nitaendea kanisa. Lakini hii baridi yetu si ya hewa. Ni ya maji." Akajipiga mapajani juu ya gauni lililolowa. "Inaingilia hapa, halafu inapanda. Ukishalowa chini, huku juu hata uvae blanketi saba."

Nilikuwa nimesoma miaka minne jinsi maji yanavyopanda ndani ya mmea, na sikuwa nimewaza jambo hilo hata mara moja.

Basi tatizo likawa limejulikana. Ilitakiwa nguo isiyoingiza maji, kuanzia kiunoni kushuka, isiyoraruliwa na majani ya mahindi, ambayo kingo zake hukata kama wembe. Wanawake walikuwa wamekwisha kujaribu karatasi za nailoni wakijifunga kiunoni. Zilifika katikati ya mstari zikiwa vipande. Makoti ya mvua ya dukani yalikuwa na bei ya watu wa ofisini. Mapema mwezi huo nilikuwa nimemwomba Bwana Ngari shamba linunue, akasema mwaka huo wametoa gambuti za mpira, mengine tuangalie mwaka ujao. Mwaka ujao haukuwa na maana kwa mtu mwenye siku tatu.

Jumamosi tulipomaliza kazi nilikwenda nyumbani Kanduyi, karibu na mji wa Bungoma. Mama yangu, Phelista, alinipokea kwa mlo wa kuku, na nilipomwambia ninachotafuta, kwa maswali.

"Kwa hiyo umesoma vitabu vyote vile uje kutafuta mitumba?"

"Si yangu, Mama. Ni ya mtu."

"Ya mwanaume?"

"Ya mama mzee."

"Aa." Akaniongezea mchuzi, sijui kwa furaha au kwa kukata tamaa. Kisha akaweka kijiko chini. "Kuna Zaitun wa pale karibu na msikiti. Alipata mzigo wa nguo za ajabu, mpaka watu walikuwa wanaenda kuangalia tu. Hakuna mtu alinunua. Mara ya mwisho nilimwona amezikalia."

"Amezikalia vipi?"

"Amezikalia, mtoto. Kama kiti."

Asubuhi ya Jumapili alinikuta navaa viatu vya kutembea badala ya vya kanisa.

"Na Mungu nimwambie uko wapi?"

"Mwambie niko sokoni."

"Yeye anajua. Ni pasta ndiye ataniuliza."

Mjini Bungoma vibanda vingi vilikuwa vimefungwa, lakini cha Zaitun kilikuwa wazi, nguo za watoto zimepangwa kwa rangi, na yeye mwenyewe, mwanamke mnene mwenye uso wa kucheka, ameketi juu ya kitu kilichovimba kama godoro lililokunjwa. Nilimsalimia nikamwambia natafuta nguo ya baridi na maji.

"Baridi? Bungoma?" Aliangalia angani, ambako jua lilikuwa limeanza kuwaka. "Dada, umepotea njia. Hapa nauza vesti."

"Ni ya Kitale. Nimeambiwa una nguo umezikalia."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha akainuka, na kile kiti kikapumua kikajifungua: suruali nene, zenye kifua na mikanda ya mabegani, za buluu, za zambarau, moja ya rangi ya chungwa.

"Hizi ni za wazungu, za kuteleza kwenye theluji. Mimi niliambiwa robota ni la ovaroli za makanika. Nikasema sawa, makanika tunao wengi hapa. Nikalifungua mbele ya watu, wueh! Soko lote lilikuja kunipa pole. Ndugu yangu Abdi ni makanika, akaniambia lete nijaribu, nikutangazie. Akavaa akaingia chini ya lori. Saa moja hivi akatoka amelowa jasho, ati amepungua kilo. Tangu hapo hata kunisalimia anasalimia kwa mbali."

Nilishika moja. Nje ilikuwa kitambaa kigumu, laini cha kuteleza, na ndani ilikuwa na sufi nyembamba iliyoshonwa katikati ya vitambaa viwili. Nilikunja, nikavuta, nikakwaruza kwa ukucha. Kisha nikachukua chupa yangu ya maji nikaimimina juu ya paja la suruali.

"Wee! Unamwagia mali yangu maji?"

"Ngoja, mama. Angalia."

Maji hayakuingia. Yalijikusanya matonematone, yakazunguka, yakateremka mpaka chini, kama yanavyofanya kwenye jani la nduma. Nilitia mkono ndani. Pakavu. Zaitun naye akatia mkono wake, tukaangaliana mikono yetu yote miwili ikiwa ndani ya suruali moja.

"Kumbe nimekalia kitu," alisema polepole.

Nilidhani sasa bei itapanda, na ningeielewa. Lakini alikuwa amekwisha kuchoka nazo. Zilikuwa saba. Aliniuliza wanaovaa ni akina nani, nikamweleza kuhusu umande, na kuhusu Wilkista na vidole vyake. Akanitajia bei ambayo kwa suruali moja isingenunua kilo mbili za sukari.

"Chukua zote, uniachie nafasi ya kuweka miguu," alisema akizifunga kwa kamba. "Na nitatafuta kiti cha kweli. Mgongo umeniuma mwezi mzima, theluji haina raha."

Nilirudi Kitale mchana huo huo, mzigo magotini, na nakumbuka nilikuwa natabasamu peke yangu. Nilikuwa najiambia kwamba dunia ina vitu vya kutosha, ila viko mahali pasipohitajika, na kwamba kazi ya mtu aliyesoma labda ni hiyo tu, kuvisogeza. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na nne. Bado naamini hivyo, ingawa sasa najua kuna hatua nyingine baada ya kusogeza.

Wilkista aliishi chumba kimoja kilichofagiliwa vizuri, mlango ukitazama njia kuu ya Kipsongo. Alikuwa ametoka kanisani muda si mrefu. Lile koti la kijivu, limekauka na kupigwa pasi, lilikuwa linaning'inia msumarini. Alinipa chai. Nilimfungulia mzigo, nikachagua ile ya zambarau iliyokuwa bora, nikaimwagia chai kidogo ili aone. Alishangaa kama nilivyotaka ashangae. Aliishika, akaifinya, akaipitisha shavuni.

"Hii ni kitu," alisema. "Hii ni ya nani?"

"Ni yako, Kukhu. Ya kesho."

Aliinyanyua kwa mikanda ikaning'inia mbele yake. Aliitazama kwa muda. Kisha akaikunja taratibu, akaiweka magotini pangu.

"Iko na miguu miwili."

Sikuelewa mara moja.

"Madam, mimi sivai suruali. Kanisa letu mwanamke havai suruali. Niliingia huko mwaka nilizaa kitinda mimba wangu, na ako na watoto wake sasa."

Hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nimekiona kila siku. Wale wanawake wengine wote walikuwa wakivaa suruali za traki chini ya magauni yao wanapoingia mistarini. Yeye peke yake aliingia na gauni tu, miguu wazi kuanzia magotini hadi kwenye gambuti. Nilikuwa nimeliona hilo tangu siku ya kwanza nikadhani hana ya kuvaa. Sikuwahi kumuuliza.

"Lakini Kukhu," nilisema, na hata sasa naona haya nikikumbuka, "mahindi yamekuzidi kimo. Hakuna mtu atakuona."

"Mimi nitajiona."

Hakusema kwa ukali. Aliniongezea chai. Nje watoto walikuwa wanasukuma tairi, na ndani suruali saba zilikuwa zimejaza chumba. Niliwaza Bwana Ngari asubuhi akiwa na saa yake.

Wilkista ndiye aliyenyoosha mkono akaichukua tena. Safari hii aliigeuza nje ndani. Alipitisha kidole kwenye mshono wa ndani ya mguu, kuanzia chini mpaka inapokutana miguu miwili, akashuka upande wa pili.

"Umeninunulia hii kabisa? Ni yangu?"

"Ni yako kabisa."

"Nikiikata hautasikia vibaya?"

"Ikate, Kukhu."

"Na ile ya rangi ya chungwa, yenye zipu imeharibika?"

"Hata hiyo."

Akainuka kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akiinuka. Alichukua wembe, akafumua mshono wa ndani wa miguu yote miwili, uzi kwa uzi, hata suruali ikawa haina miguu tena bali mapande mawili mapana yanayoning'inia kiunoni. Kisha akakata mguu mzima wa ile ya chungwa, akaupasua kwa urefu, akapata vipande viwili vipana vya pembetatu: kimoja cha kujaza mbele, kimoja nyuma.

Tulimpelekea jirani yake, fundi Wahome, aliyekuwa na cherehani barazani. Alijaribu kwa heshima. Sindano ya kwanza ilivunjika kwenye sufi. Ya pili ikavunjika kabla haijamaliza inchi mbili.

"Mama, hii si nguo, ni godoro," alisema Wahome akitafuta ncha ya sindano sakafuni. "Ukiniletea ya tatu nitafunga kazi."

Nilimtazama Wilkista nikiogopa. Yeye alikuwa anatabasamu.

"Si ni gunia tu," alisema.

Alirudi ndani akatoka na sindano ya gunia, ile ndefu iliyopinda ncha, na uzi wa nailoni. Kila mwaka baada ya mavuno alikuwa akishona midomo ya magunia ya mahindi mashambani, mamia kwa mamia, na sindano hiyo ilikuwa yake mwenyewe, mpini wake umefungwa kitambaa. Alikaa mlangoni kwenye mwanga. Mimi nilishika kitambaa kikae sawa. Alikunja kingo mara mbili, akapitisha sindano, akavuta, akapitisha, kwa ule mshono wa magunia ambao hauachii hata ukiangushwa kutoka kwenye lori. Alipofika nusu alisimama, akajizungushia sketi, akapiga hatua ndefu kutoka ukutani hadi kitandani, kama anayeruka tuta.

"Inabana. Mahindi yanataka hatua." Akafumua, akaongeza upana, akaendelea.

Mwishoni alichukua kipande cha mshumaa, akasugua mishono yote nje na ndani, ili maji yasipite kwenye matundu ya sindano. Sikumfundisha hilo, wala mtu yeyote hakumfundisha. Aliniambia limemjia tu. Mikanda ya mabegani aliiacha. Kazi iliisha jua likiwa bado linaonekana, na Nasambu, aliyepita kuchukua moja kati ya zile suruali tano zilizobaki, alisimama mlangoni akashika kiuno.

"Kukhu! Hiyo ni sketi ama ni hema?"

"Ingia ndani yake basi, ama unyeshewe ukiwa nje," alijibu Wilkista, na hakuinua macho.

Jumatatu saa kumi na mbili Bwana Ngari alikuwa amesimama mwanzo wa mistari kama alivyoahidi, kola imeinuliwa, kikombe cha chai kinatoa moshi mkononi. Wanawake walifika. Watano walikuwa ndani ya suruali za theluji, na Nasambu katika ile ya buluu alikuwa anatembea miguu imetanuka makusudi.

"Madam, naonekana kama mtu anaenda mwezini!"

"Ukifika utuletee unga," mwenzake akamjibu.

Bwana Ngari alisahau chai yake. Kisha akamwona Wilkista, katika zambarau yenye pembetatu ya chungwa mbele na nyuma, mikanda mabegani juu ya sweta lake, gambuti chini. Alimsalimia, akaangalia saa, akasogea kando.

Tuliingia. Nilichagua mstari wa jirani na wa Wilkista ili nimsikie. Umande uliokuwa ukituangukia kimya siku zote sasa ulikuwa na sauti. Uligonga kile kitambaa kigumu kama manyunyu kwenye bati. Nilisikia kila hatua yake. Nilisikia mbelewele inavyong'oka, ule mlio mdogo wa kitu kinachoachia, na nyingine, na nyingine. Saa mbili ilifika. Mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi, jinzi yangu imenilowa mpaka kiunoni, kwa maana suruali zilikuwa zimekwisha na sikujichukulia. Nilisimama nikasikiliza. Nilingoja ile sauti igeuke, irudi kuelekea getini.

Haikugeuka. Badala yake akaanzisha wimbo.

"Kukhu," niliita kupitia majani, "vidole?"

"Viko!" akaniitikia. "Miguu ikiwa na joto, vidole vinakumbuka."

Saa tatu na nusu jua lilipenya. Saa nne kasoro aliibuka mwisho wa mstari wa pili, wa kwanza kati yetu wote, maji yakimteremka na kudondokea kwenye gambuti. Bwana Ngari alikuwa amezunguka na pikipiki kumngoja upande huo. Aliingia mwenyewe kwenye mistari aliyotoka Wilkista, akitazama juu, akirudi kwa ule wa pili, na tulikuwa tunaona vilele vikitikisika alipopita. Alitumia kama robo saa. Alipotoka suruali yake ya kitambaa ilikuwa imemshika mapajani, na taya lake lilikuwa linatetemeka.

"Sijaona hata moja," aliniambia mimi. Kisha akamgeukia Wilkista. "Hata zile ziko ndani ya majani umetoa."

"Zile ndizo za kutoa," alisema Wilkista.

"Na hiyo sketi umepata wapi?"

"Madam alinunua suruali. Mimi nikashona sketi."

Alimtazama, akatazama ule mshono, akausogelea bila kuugusa. Alikuwa amesimamia mavuno miaka mingi, aliujua.

"Huu ni wa gunia."

"Ndiyo."

"Stoo tunahitaji mtu wa kushona magunia mwezi wa kumi. Wa mwaka jana aliacha nusu yamepasuka." Alisugua mikono yake, akapuliza ndani ya viganja. "Jina lako lipo, mama. Maliza tu msimu."

Nasambu na wengine walikuwa wameanza kutoka mistarini, na mtu alipiga kigelegele kabla hata hajajua cha nini. Wilkista hakupiga kigelegele. Alikuwa anatazama juu ya bega la Bwana Ngari, kwenye mistari minne iliyofuata, ambako jua lilikuwa linapanda na majani yameanza kutoa mvuke.

"Nimesikia, Bwana Ngari. Asante. Sasa nipishe basi, umesimama kwa mstari wangu."

Akampisha.